Aleijadinho: Mwana wa mtumwa aliyewachonga manabii wa Brazil

KWA sheria za Wareno, mtoto wa mtumwa alizaliwa mtumwa, hata kama baba yake alikuwa ndiye bwana mwenye nyumba. Kwa hiyo siku Antônio Francisco Lisboa alipobatizwa katika mji wa Vila Rica, nchini Brazil, jambo kubwa halikuwa maji ya ubatizo peke yake. Mama yake, Isabel, alikuwa mwanamke Mwafrika aliyenunuliwa kwa fedha. Baba yake, Manuel Francisco Lisboa, alikuwa fundi mkuu wa ujenzi kutoka Ureno, na Isabel alikuwa mali yake. Mbele ya padri, baba alitamka kwamba mtoto yuko huru. Tamko hilo lilimhusu mtoto tu.

Hata mwaka wenyewe una mabishano. Kitabu cha ubatizo cha parokia ya Antônio Dias kina habari za mtoto Antônio, mwana wa Isabel, aliyebatizwa tarehe 29 Agosti 1730 na kuachwa huru siku hiyo hiyo. Lakini kitabu cha mazishi kinasema alifariki akiwa na miaka 76, hesabu inayompeleka kwenye mwaka 1738. Wataalamu wamegawanyika, na mji wake umezoea kuishi na tarehe mbili.

Mtoto huyo ndiye ulimwengu unayemjua kwa jina la Aleijadinho. Ni neno la Kireno lenye maana ya kilema mdogo, jina la utani ambalo leo mtu angeona haya kulitamka mbele ya mwenyewe. Alilipata ukubwani, maradhi yalipokuwa yamekwisha kumla vidole. Kabla ya hapo alikuwa Antônio Francisco, fundi mwenye afya njema, mpenda ngoma na chakula kizuri, kama walivyomsimulia waliomfahamu.

Vila Rica, yaani Mji Tajiri, ndio Ouro Preto ya leo, katika jimbo la Minas Gerais. Mji huo ulizaliwa na dhahabu. Wachimbaji walifika kwenye vilima vyake mwaka 1698, mwaka uleule ambao Wareno walipoteza Fort Jesus ya Mombasa baada ya kuzingirwa na Waomani kwa zaidi ya miaka miwili. Upande mmoja wa dunia walikuwa wanafungasha virago, upande mwingine wanafungua hazina ambayo ingelisha makanisa na majumba ya Lisbon kwa karne nzima. Mfalme alidai sehemu ya tano ya kila dhahabu iliyotoka ardhini. Waliokuwa wanaichimba, wakiwa wamesimama majini mitoni au wameinama mashimoni, walikuwa Waafrika waliovushwa bahari kutoka Angola, Kongo na pwani ya Afrika Magharibi. Wengi hawakuishi miaka mingi baada ya kufika.

Pamoja na utajiri huo, Minas Gerais haikuwa na nyumba za watawa. Serikali ya mfalme ilipiga marufuku mashirika ya watawa kuingia katika eneo la machimbo, kwa kushuku kwamba makasisi wanapitisha dhahabu kwa magendo chini ya majoho. Pengo hilo lilizibwa na walei. Waumini walijipanga katika vyama vya kidini, kila chama na mtakatifu wake, mfuko wake, makaburi yake na, ukiweza kulipa, kanisa lake. Wazungu wenye fedha walikuwa na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko na ule wa Wakarmeli. Weusi, watumwa na walioachwa huru, walikuwa na chama cha Mama Yetu wa Rozari. Machotara walikuwa na Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa maseremala, na huko ndiko Antônio Francisco alikoandikishwa. Vyama vilishindana. Mmoja akijenga minara mirefu, jirani aliagiza madhabahu ya kupakwa dhahabu. Mashindano hayo ndiyo yaliyowapa mafundi ugali wao.

Ufundi aliukuta nyumbani. Baba yake alisimamia ujenzi wa kasri la gavana na kanisa kubwa la Antônio Dias. Baba yake mdogo, Antônio Francisco Pombal, alikuwa mchongaji wa mbao aliyepamba kanisa la Pilar katika mji huohuo. Inaelezwa pia kwamba alifundishwa kuchora na João Gomes Batista, mchonga mihuri wa karakana ya serikali ya kuyeyushia dhahabu. Ulaya hakuikanyaga hata siku moja. Sanaa ya Baroko, ile ya mawimbi, mikunjo ya nguo inayopepea na malaika wanaobeba nguzo, aliijua kupitia kwa mafundi Wareno waliomtangulia na picha zilizochapishwa katika vitabu vya misa vilivyoletwa kwa meli.

Baba alikuja kuoa na kupata watoto wa ndoa. Mmoja wao, Félix Antônio Lisboa, alisomea upadri. Antônio Francisco alikua pamoja na ndugu hao wa baba mmoja, lakini njia zao hazikuwa sawa. Amri za mfalme ziliwazuia machotara kushika nyadhifa katika halmashauri za miji ya Minas. Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko nao ulichunguza ukoo wa kila aliyeomba kujiunga. Damu ya Kiafrika ilitosha kumkataa mtu.

Hapo ndipo maisha ya mtu huyu yanapoanza kuwa magumu kuyaeleza kwa sentensi moja. Maana mwaka 1766, Wafransisko hao hao walipoanza kujenga kanisa lao Vila Rica, kazi iliyolipa jengo hilo sura yake ilitoka mikononi mwa mwana wa Isabel. Walimhitaji kwa kila kitu isipokuwa uanachama.

Kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi limesimama mpaka leo, na wengi wanaliona kuwa jengo zuri kuliko yote yaliyojengwa Brazil enzi za ukoloni. Si kubwa. Minara yake ni ya mviringo na imerudi nyuma kidogo, kana kwamba inaupisha ukuta wa mbele upite. Juu ya mlango, mahali ambapo kwa kawaida pangewekwa dirisha la duara, pana sahani kubwa ya jiwe inayomwonyesha Fransisko amepiga magoti mlimani akipokea madonda ya Kristo. Chini yake malaika wameshika ngao na mashada. Ndani, mimbari mbili za jiwe zilizokamilika mapema miaka ya 1770 zinamwonyesha Yesu akihubiri kutoka mashuani na Yona akitupwa baharini. Madhabahu kuu aliimaliza baadaye sana, kati ya 1790 na 1794.

Jiwe lenyewe linastahili maneno machache. Vilima vya Minas Gerais vina jiwe laini la rangi ya kijivu au kijani linaloitwa jiwe la sabuni kwa sababu linateleza mkononi. Linafanana na lile ambalo wachongaji wa Tabaka, katika nchi ya Wakisii, hutengenezea bakuli na sanamu za kuuzia watalii. Likiwa limetoka machimboni hukatika kwa patasi karibu kama mbao. Wareno walizoea kuagiza mawe ya mapambo kutoka kwao, safari ya bahari na kisha majuma ya kupanda milima kwa nyumbu. Antônio Francisco alilichukua jiwe lililokuwa chini ya miguu ya kila mtu, akalitumia kwa mambo ambayo mwanzoni yalifanywa kwa mbao. Hakuwa wa kwanza kuligusa, lakini hakuna aliyelitoa uhai kiasi hicho.

Kazi zilifuatana. Alifanya kazi kwa Wakarmeli wa Sabará, akachora ramani ya kanisa lingine la Fransisko mjini São João del-Rei, akaitwa huku na huko kukagua kazi za wenzake. Vyama vilitunza hesabu, na stakabadhi kadhaa zenye sahihi yake zimesalia kwenye makabati ya makanisa: fundi amepokea kiasi fulani cha dhahabu kwa kazi fulani. Malipo yalipimwa kwa oitava, kipimo cha dhahabu cha gramu tatu na nusu hivi. Inasemekana ujira wake wa kawaida ulikuwa nusu oitava kwa siku. Kwa fundi mwenye jina kubwa hiyo haikuwa fedha ya kutajirikia, na hata hiyo aliigawa ovyo kwa masikini au iliibiwa kwa sababu hakuwa mtu wa kuhesabu.

Katika miaka hiyo alipata mtoto wa kiume na mwanamke aliyeitwa Narcisa Rodrigues da Conceição. Mtoto alipewa jina la babu yake, Manuel Francisco. Narcisa hakukaa naye. Mama na mtoto waliishia Rio de Janeiro.

Kisha, karibu na mwaka 1777, akaanza kuugua.

Ugonjwa wenyewe umejadiliwa na madaktari kwa zaidi ya karne moja. Wako wanaosema ukoma, wako wanaotaja kaswende, wengine maradhi ya viungo, na wengine ugonjwa wa damu unaoharibu ngozi. Dalili zilizosimuliwa ni za kutisha. Vidole vya miguu vilikatika hata akawa anatembea kwa magoti. Vidole vya mikono vilijikunja, vikakauka, vingine vikaanguka, vikabaki karibu gumba na kidole cha shahada tu. Kope zilivimba, mdomo ukapinda, meno yakatoka. Maumivu yalikuwa makali kiasi kwamba, kwa mujibu wa simulizi, mara nyingine aliweka patasi juu ya kidole chake mwenyewe na kukikata.

Akawa mtu wa gizani. Alikwenda kazini kabla ya mapambazuko na kurudi baada ya jua kuzama, ili asionwe. Alivaa koti refu zito na kofia pana iliyofunika uso. Kazini alijificha nyuma ya pazia hata ndani ya kanisa, na mtu aliyesimama kumtazama alijikuta anarukiwa na vipande vya mawe. Inasimuliwa kwamba hata gavana alifukuzwa kwa njia hiyo.

Nani basi alishika patasi? Swali hili lina majibu, na majibu yenyewe yana majina: Maurício, Agostinho na Januário. Walikuwa watumwa, na bwana wao alikuwa Antônio Francisco. Mwana wa mwanamke aliyenunuliwa alinunua watu. Katika Vila Rica ya wakati ule jambo hilo halikumshangaza yeyote. Fundi huru mwenye kipato, awe mweupe, chotara au mweusi, alimiliki watumwa kama alivyomiliki vifaa. Lakini msomaji wa leo hawezi kulipita kimya, na waliojaribu kumfanya mchongaji huyu kuwa mtakatifu wa ukombozi wamelazimika kufunika ukurasa huo.

Maurício na Agostinho walikuwa wachongaji. Maurício ndiye aliyemfungia bwana wake patasi na nyundo ya mbao kwenye mikono iliyokatika, akamfungia na vipande vya ngozi magotini ili aweze kupanda ngazi. Simulizi inasema aligawana naye ujira nusu kwa nusu. Simulizi hiyo hiyo inasema alipigwa mara nyingi, tena kwa nyundo ileile aliyokuwa ameifunga yeye mwenyewe asubuhi. Januário ndiye aliyemwongoza punda na kumbeba bwana mgongoni mpaka mlangoni mwa kanisa. Huyu, aliponunuliwa na kuona sura ya mtu atakayemtumikia, alichukua wembe akajaribu kujiua. Aliokolewa, akakaa, akawa mtumishi wa kutegemewa. Alichokuwa anakifikiri katika safari zote hizo za alfajiri, hatamu mkononi, hakuna karatasi iliyokiandika.

Nchi nayo ilikuwa inabadilika. Dhahabu ilipungua, mfalme hakupunguza madai. Mwaka 1789 kundi la watu wa Vila Rica, wakiwamo washairi, makasisi na maofisa wa jeshi, lilikamatwa kwa kupanga kujitenga na Ureno. Mmoja wao, Joaquim José da Silva Xavier, aliyejulikana kama Tiradentes, yaani mng'oa meno, alinyongwa Rio de Janeiro tarehe 21 Aprili 1792. Kichwa chake kililetwa Vila Rica kikatundikwa juu ya mlingoti hadharani. Mchongaji alikuwa akiishi katika mji huo, na wakati huo alikuwa akichonga madhabahu kuu ya Mtakatifu Fransisko.

Kazi kubwa kuliko zote ilimfikia akiwa mzee na mgonjwa. Huko Congonhas, Mreno mtafuta dhahabu aitwaye Feliciano Mendes aliugua sana, akaweka nadhiri, akapona, na mwaka 1757 akaanza kumjengea Bwana Yesu wa Matosinhos kanisa juu ya kilima. Mahujaji walikuja kwa wingi, sadaka zikajaa. Mwaka 1796 wasimamizi walimwita Antônio Francisco na karakana yake. Walitaka kwanza njia ya mateso ya Yesu, kuanzia Karamu ya Mwisho hadi msalabani, ipangwe katika vibanda vidogo kwenye mteremko, ili hujaji aione hatua kwa hatua akipanda kwenda kanisani.

Kwa miaka minne hivi, hadi 1799, zilichongwa sanamu zaidi ya 60 za mti wa mwerezi, zenye ukubwa wa binadamu. Mtu akiingia katika kibanda cha Karamu anajiona yuko mezani. Mitume wamegeuka ghafla, vinywa wazi, wamesikia kwamba mmoja wao ni msaliti. Katika bustani Petro ameinua upanga, na askari ameshapoteza sikio. Kristo wa sanamu hizi ana uso mwembamba, ndevu zilizogawanyika na macho yaliyoinuka kidogo kwenye pembe. Ukishamwona mara moja utamtambua popote. Askari wa Kirumi ni kinyume chake: pua kubwa kama za vinyago, macho ya mviringo, viatu vilivyovaliwa ovyo. Wengine wanadai ni dhihaka kwa askari wa Ureno, na kwamba alama nyekundu shingoni mwa Kristo ni kamba ya Tiradentes. Huenda, lakini askari wabaya wenye sura za kuchekesha ni desturi ya sanaa ya mateso tangu zamani huko Ulaya, na tofauti ya ubora kati ya sanamu na sanamu inaeleza jambo rahisi zaidi. Bwana alimchonga Kristo, Petro na wachache wengine. Waliobaki aliwaachia watu wake.

Rangi zilipakwa baadaye, nyingine na Manuel da Costa Ataíde, mchoraji aliyefunika dari ya kanisa la Mtakatifu Fransisko kwa picha ya Mama Maria mwenye sura ya kichotara, akizungukwa na malaika wa rangi hiyo hiyo wakipiga ala za muziki. Vibanda vya mwisho vilikamilika mwaka 1875. Sanamu nyingi zilikaa miongo kadhaa zikingojea nyumba zake.

Kuanzia mwaka 1800 hadi 1805 wakageukia jiwe. Mbele ya kanisa paliwekwa ngazi pana na uwanja wenye kuta ndogo, na juu ya kuta hizo wakasimamishwa manabii 12: Isaya na Yeremia chini kabisa kama walinzi wa lango, kisha Baruku, Ezekieli, Danieli, Hosea, Yoeli, Obadia, Amosi, Yona, Habakuki na Nahumu. Wamevaa vilemba vikubwa na majoho yenye tarizi, mavazi ambayo wachoraji wa Ulaya walidhani ndiyo ya watu wa Mashariki. Amosi peke yake, kwa kuwa alikuwa mchungaji, amevaa ngozi ya kondoo na kofia ya kijijini. Kila mmoja ameshika gombo lenye maneno ya Kilatini kutoka katika kitabu chake.

Uzuri wao hauko katika sanamu moja moja. Mtu anayepanda ngazi huwaona wakibadilishana nafasi: mmoja anainua mkono, wa upande wa pili anajibu kwa kuinamisha kichwa, Obadia ananyoosha kidole mbinguni, Yona ameinua uso kana kwamba bado anatema maji ya bahari. Nyuma yao hakuna ukuta, ni anga na milima tu. Ukiwapiga picha mmoja mmoja karibu, makosa yanajitokeza: vichwa vikubwa, miguu mifupi, mikono iliyokaa vibaya. Wako waliosema ni makosa ya wasaidizi, wako waliosema mzee alikusudia, kwa vile alijua watatazamwa kutoka chini. Inawezekana wote wanasema kweli. Danieli, mwenye simba miguuni, ametoka laini na kamili kiasi kwamba wataalamu wengi wanaamini mikono ya wasaidizi haikumgusa sana.

Mzee alikuwa na miaka 60 na kitu, au 70 na kitu. Alifanya kazi ya mwisho kwa Wakarmeli wa Vila Rica kati ya 1807 na 1809, na nyingine ikafanywa na mwanafunzi wake Justino, ambaye alimwacha bila kumlipa sehemu yake. Kuanzia hapo hakuinuka tena. Karibu kipofu, alihamia kwa mkwewe Joana Lopes, mke wa mwanawe, aliyekuwa mkunga. Kwa miaka miwili alilala juu ya mbao tatu zilizowekwa juu ya magogo, upande mmoja wa mwili ukiwa umejaa vidonda, akiomba Bwana amkanyage kwa miguu yake mitakatifu apumzike. Alifariki tarehe 18 Novemba 1814 na kuzikwa katika kanisa la Antônio Dias, kanisa alilolijenga baba yake, karibu na madhabahu ya Mama Yetu wa Kifo Chema.

Joana ndiye aliyezuia jina hilo lisipotee. Zaidi ya miaka 40 baadaye, mwalimu na ofisa wa Ouro Preto aliyeitwa Rodrigo José Ferreira Bretas alimtafuta, akamhoji, akapitia vitabu vya vyama, na mwaka 1858 akachapisha habari za maisha ya mchongaji huyo katika gazeti rasmi la jimbo. Karibu kila kinachojulikana kuhusu pazia, nyundo, wembe wa Januário na mbao tatu kimetoka kwake. Bretas alikuwa mtu wa zama zake na alipenda kisa kizuri; ndiyo sababu baadhi ya wanahistoria wanamsoma kwa tahadhari, na wachache wamethubutu kusema Aleijadinho wa simulizi ni mtu wa kubuniwa. Stakabadhi zinawakatalia kwa sehemu. Antônio Francisco Lisboa alikuwapo, alilipwa, aliweka sahihi.

Wageni walichelewa kumthamini. Mwingereza Richard Burton, yule aliyefika Ujiji mwaka 1858 akitafuta maziwa makuu, baadaye alikuwa balozi mdogo katika bandari ya Santos, na mwaka 1867 alipita Congonhas. Alisikia habari za fundi asiye na mikono, akazitazama sanamu za mateso na kuziona kama vikaragosi, ingawa alikiri kwamba zinaweka kisa chake barabara katika vichwa vya watu. Mtu aliyeandika kwa dharau juu ya karibu kila jamii aliyoipitia Afrika hakuwa na sababu ya kuwa mpole Minas Gerais.

Makao makuu ya jimbo yalihamishiwa Belo Horizonte mwaka 1897, Ouro Preto ikabaki mji wa nyasi barabarani. Umasikini huo uliyaokoa makanisa; hakuna aliyekuwa na fedha za kuyabomoa na kujenga mapya. Mwaka 1924 kundi la washairi na wachoraji vijana wa São Paulo lilikuja kutafuta Brazil isiyoiga Paris. Mmoja wao, Mário de Andrade, ambaye naye alikuwa na damu ya Kiafrika, aliandika mwaka 1928 makala ndefu akimweka chotara huyo mwanzoni mwa sanaa ya taifa lake. Mji ukatangazwa kuwa mnara wa kitaifa mwaka 1933. Germain Bazin, mtunzaji wa makumbusho ya Louvre, alitoa kitabu kumhusu mwaka 1963. Unesco ikaiandikisha Ouro Preto katika urithi wa dunia mwaka 1980, na kilima cha Congonhas mwaka 1985.

Sifa zilileta biashara. Sanamu ambazo hakuzigusa zilianza kuuzwa kwa jina lake, na orodha ya kazi zinazodaiwa kuwa zake imefika mamia, idadi ambayo hata mtu mwenye vidole kumi na afya ya ng'ombe asingeimaliza. Kazi za Maurício na Agostinho zimo humo humo, chini ya jina la bwana wao, na hakuna anayeweza kuzitenganisha kwa uhakika.

Manabii wenyewe wanaliwa taratibu. Jiwe la sabuni, kwa kuwa ni laini kwa patasi, ni laini pia kwa mvua, kuvu na mahujaji wanaokwangua majina yao kwa misumari. Makumbusho yalifunguliwa jirani na kanisa mwaka 2015, na zimetengenezwa nakala. Wako wanaotaka sanamu za asili ziingizwe ndani, nakala zisimame nje. Watu wa Congonhas wengi hawataki hata kusikia. Wanasema nabii akitolewa juani si nabii tena. Wote 12 bado wako uwanjani, na kila mwezi wa Oktoba mvua za Minas zinapoanza, mafundi wa hifadhi hupanda ngazi kuangalia nyufa.